Dakika Tisa Zilizobaki

Kila Jumapili ibada ikiisha, wapiga kengele wa kijiji cha Holcombe Tracy hushuka mnarani, hukaa kwenye benchi la langoni mwa kanisa na kubishana mpaka chupa ya chai iwe tupu. Jumapili hii walibaki wanne tu, na Tamsin alikaa pembeni kabisa, akisukuma kigari cha mtoto mbele na nyuma, ingawa mtoto alikuwa macho na ametulia. Jana yake watu wanane walikuwa wamepanda mnarani kupiga kengele saa tatu mfululizo, kila mmoja na kamba yake, bila kupumzika, kumkumbuka mzee Amos aliyewafundisha wote. Mkifika mwisho, majina yenu huandikwa kwenye ubao wa ukutani na kukaa hapo miaka mia. Zilipobaki dakika tisa, mtoto wa Tamsin alilia chini ya mnara, mikononi mwa bibi yake. Kamba ikamponyoka Tamsin mkononi, milio ya kengele ikagongana ovyo, na kiongozi wao akapaza sauti wasimame. Mwandishi wa ubao alikuwa ameshaitwa. Sasa walikuwa wakitafuta neno la kuandika.

— Weka “walimaliza,” twende nyumbani, alisema Dot akimimina chai. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima.

— Hatukumaliza, alijibu kiongozi, Profesa. Alikuwa tarishi miaka thelathini, na tangu astaafu hapeleki tena barua, anapeleka maana za maneno. — Kumaliza ni kufika mwisho wa kitu. Sisi tulikoma.

— Mvua ndiyo inayokoma, Profesa. Sisi tuna mikono.

— Basi tuliacha.

— Kuacha ni kwa hiari! Mimi niliacha sigara. Jana nani aliacha kwa hiari?

Kigari kikaenda mbio zaidi. Hakuna aliyemtazama Tamsin, na hilo lilimuuma kuliko kutazamwa.

Kobe, mzee mwenye magoti mabovu, alimeza biskuti yake kwanza.

— Ndoa yangu ya kwanza haikukoma, na wala sikuiacha. Siku moja nilirudi nikakuta kiti kimoja. Hiyo mnaiitaje?

— Tunaiita bahati ya mkeo, alisema Redio.

— Cheka tu. Mimi nasema hivi: ule mlio wa mwisho ulivuka makaburi, ukavuka mto. Sauti haifi, inapungua tu. Saa hizi iko njiani kuelekea baharini. Kitu ambacho bado kinaendelea, utasemaje kimekoma?

— Ikifika Ufaransa watatuandikia? aliuliza Profesa.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Redio. Macho yalimwaka. — Tulianza kwa saa ya mkononi ya Profesa, sivyo? Tukaishia kwa saa ya mnara, na saa ya mnara iko mbele dakika kumi. Hesabuni wenyewe. Tumepitiliza kwa dakika moja!

Hata Profesa alicheka. Kisha akainua kidole kama mtu aliyeokota sarafu.

— Nimepata. Tuandike “walipiga.” Hatusemi walimaliza, hatusemi waliacha. Walipiga, basi.

— Anayesoma atajaza mwenyewe, alisema Redio. — Safi kabisa.

Wote watatu wakanywa chai kwa kuridhika. Tamsin hakugusa kikombe chake. Aliufikiria ule ubao, na kwamba kila Jumapili atapita chini yake akielekea kwenye kamba. Amos alimfundisha tangu ana miaka kumi na miwili, na hakuwahi kumwambia “vizuri” kwa kazi iliyokatika. Alikuwa akisema “tena,” halafu anampa kamba.

Hapo ndipo mwandishi wa ubao, Bwana Jory, alipoingia langoni akiwa na sanduku la brashi na rula ndefu kwapani.

— Habari za asubuhi, wapendwa. Maneno mtanipa baadaye, sasa nataka kupima nafasi tu. Mjane wa Amos alinipa majina manane, lakini huko dukani nimesikia yamekuwa saba. Nichore mistari mingapi?

Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Kobe alishika biskuti ya pili, asiile. Bwana Jory alisubiri, akamtazama mmoja mmoja.

— Usichore hata mmoja, alisema Tamsin.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ikambidi Bwana Jory ainame.

— Unasema, kipenzi?

— Usichore. Kamba ilinitoka mimi. Hatukumaliza, na mimi sitaki jina langu pale juu kwa neno la kufichia. Jumamosi tunapanda tena. Njoo Jumapili.

— Saa tatu zote? alisema Kobe. — Upya?

— Kuanzia mwanzo.

Profesa alikohoa, akazungushazungusha kofia yake magotini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama Tamsin usoni.

— Na mtoto akilia?

Kigari kilikuwa kimesimama. Tamsin aliinama, akamfunika mtoto miguu vizuri.

— Atalia, alisema. — Bibi yake atambeba. Mimi nitavuta.