Mzee Machano na Hodi ya Moto

Tarehe 30 Juni 1971 Mzee Machano Nahodha anastaafu ulinzi wa msitu wa Muyuni, baada ya kuutumikia kwa miaka ishirini na mitatu. Darasa letu la saba limeombwa kuandika habari zake kwa ajili ya sherehe ya kumuaga.

Kazi yake ilikuwa moto. Huku kwetu udongo ni haba juu ya mawe, na wakulima hufyeka vichaka wakavichoma kabla ya masika. Hakuna aliyewasha bila ya idhini yake. Mtu alikwenda kwenye kibanda chake akapiga hodi. Mzee akatoka, akarusha majivu hewani kutazama upepo. Ukiwa mwema alijibu "Karibu," na hiyo ndiyo ruhusa. Ukiwa mbaya alinyamaza, na mtu akarudi kwao.

Alitufundisha kwamba moto si adui. Majivu hulisha mtama, na majani huchipua upya. Lakini konde likichomwa kila mwaka udongo huisha, miti hairudi, na hewa hukauka. Alisema moshi wa Muyuni husafiri mbali kuliko watu wa Muyuni, na wa nchi nyingine nao hutufikia. Mwalimu wetu alipomweleza kuwa ng'ambo ipo miti ambayo mbegu zake husubiri moto ndipo ziote, alicheka akasema miti hiyo inamshinda kwa subira.

Mwaka 1966 alichoma takataka zake bila ya kutazama upepo, kibanda kikaungua. Jirani yake, Bi Mize Hasan, alimletea makuti ya kuezekea, akamuuliza, "Leo nani alokwambia karibu?"

Tangu mkewe, Bi Mwanakheir, alipofariki, Mzee anaishi peke yake. Kwa miezi mingi daftari lake la kazi lina maneno mawili tu kila siku: "Hakuna moto." Tulidhani ni maneno ya furaha. Wiki iliyopita tulipokwenda kumwamkia, alitueleza kuwa alikuwa akiungojea msimu wa kuchoma, maana ndipo watu walipomjia. Kisha akauliza, "Sasa nani atanipigia hodi?" Tuliona haya, tukaaga.

Jibu letu tunalitoa hapa. Ahsante, Mzee Machano, kwa miti iliyosimama. Tunakuombea afya na mapumziko mema nyumbani kwako. Ijumaa ijayo, baada ya sala, tutakuja kupiga hodi, na hatuji na moto. Usitazame upepo.