Kivuko Kilichopokelewa Mara Kumi na Tisa

Mgeni rasmi, karibu Madibira, karibu Tawi la Mfereji wa Tatu. Ratiba ilisema saa nne nawe umefika saa nane. Tunashukuru, wengine huwa hawafiki kabisa. Pole na vumbi la njia ndefu. Ipo njia fupi ya kukatiza mfereji mkuu, lakini pale sharti mtu avue viatu, na habari zake zinakuja mbele.

Msomaji wa leo ni Selestini, fundi baiskeli. Tunajua risala za tawi hili husomwa na Matilda. Yupo, amekaa mstari wa mwisho karibu na mlango. Utatuvumilia, maana risala hii inamhusu yeye kuliko sisi.

HISTORIA

Matilda amelelewa na Chama kama wengine wanavyolelewa na bibi. Baba yake, marehemu mzee Liberatus, alihamia hapa kutoka Iringa na jembe moja na bendera moja, akaisimika bendera kabla hajaezeka nyumba. Masika ya mwaka ule familia nzima ililowa, bendera ikiwa juu. Akiwa na miaka minane Matilda alifungwa skafu shingoni akawaimbia wageni. Kusoma alijifunzia kwenye risala za baba yake, ndiyo maana hata akimwandikia shangazi barua huanza na "tunayo heshima kubwa".

Mzee alipofariki, kalamu ikawa yake. Ametuandikia risala kumi na tisa.

MAFANIKIO

Mafanikio ni makubwa. Kila risala iliomba kivuko cha waenda kwa miguu juu ya mfereji mkuu, na kila mgeni alisimama akajibu, "Ombi lenu limepokelewa." Mara kumi na tisa. Huko linakopokelewa tunadhani kumeshajaa. Mwaka wa saba wa kuomba tuliwekewa jiwe la msingi. Jiwe lipo, ni zuri, na kina mama hufulia juu yake.

Sisi tulianza kucheka mapema. Matilda hakucheka. Akitukuta tunanong'ona kwenye mashine ya kukoboa mpunga alikuwa anatukatiza: "Nyie mnataka leo leo! Chama ni mama. Mama akichelewesha ugali, utamtangaza kwa majirani?" Tulirudi kwenye magunia yetu, kwani nani agombane na mtu anayemtetea mama yake.

Miaka mitatu iliyopita alinakili risala ya zamani, akasahau kubadili jina la mgeni. Akamkaribisha kwa sauti kubwa mtu aliyestaafu siku nyingi. Mgeni aliyekuwapo akapiga makofi, akasimama, akasema limepokelewa. Sisi tulicheka wiki nzima. Matilda alirudi nyumbani, na ugali hakuugusa.

CHANGAMOTO

Tumeelekezwa tusiandike "matatizo". Basi tunayo changamoto moja, na jina lake ni Helena, mdogo wake Matilda. Mwezi wa tatu, malango ya mfereji mkuu yakiwa wazi na maji yamejaa, alikuwa anavuka kwenye magogo tuliyoyalaza pale pa kukatizia, na miche ya mpunga kichwani. Gogo likageuka. Tulimpata alasiri kwenye lango la chini. Miche ilikuwa bado imefungwa vizuri.

Makaburini, katibu wetu alisoma ujumbe kutoka ngazi ya juu. Ulikuwa mfupi: "Taarifa za msiba zimepokelewa."

Matilda alikuwa na udongo mkononi. Aliuliza kwa upole kabisa, "Zimefanyaje?"

Katibu, mtu mwema asiye na hila, akarudia.

Jioni ile Matilda alishusha bendera ya baba yake, akaifua, akaipiga pasi, akaipeleka kwa mwenyekiti ikiwa imekunjwa. "Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi kuandika basi. Sijagombana na mtu." Tulikwenda kumbembeleza. Akatuuliza, "Hivi miaka yote hii nilikuwa namwandikia nani?" Tulimcheka alipokuwa anaamini, na sasa ameacha kuamini, nasi inatuuma kuliko tulivyotegemea.

MAOMBI

Kivuko unakijua. Tunaongeza ombi moja dogo, halihitaji bajeti. Ukisimama kutujibu, usilitumie neno lile. Sema hapana. Sema mbao hakuna. Sema hukusikiliza, tusome upya, Selestini ana muda. Matilda amekuja kusikia jibu lako tu, na tumemwachia kiti cha mlangoni ili akitaka kutoka asimsumbue mtu.

Kwa kawaida hapa yeye hupaza "Chama!" nasi tukaitika "Hoyee!" Leo hatukumpata wa kuanzisha. Tulijaribu kupeana zamu, kila mmoja akamtazama mwenzake.

Nakala ya risala imo kwenye bahasha hii. Ukiishika utasikia kitu kigumu. Ni kadi ya Chama ya Matilda, na ya baba yake, amezirudisha. Hizo unaweza kuzipokea.

Mungu akurudishe salama, na popote utakapopita akupitishe pakavu.

Ni sisi,
Wanachama wa Tawi la Mfereji wa Tatu, Madibira, tuliobaki.