Sawa na Nini? Mzee Fanuel Muinde Anakiacha Kioo Chake

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Fanuel Muinde anafunga droo ya tupa zake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana ya chuma ya chuo chetu hapa Voi kwa miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Aliajiriwa Machi 1991 akiwa na nywele. Anatoka bila nywele, bila alama za vidole, na bila kumwambia mtu kwamba kazi yake iko sawa, isipokuwa mara tano. Mara ya tano ilikuwa wiki jana, na hiyo ndiyo imefanya karatasi hii iwe ndefu.

Bi. Mable wa kamati ya ustawi aliniomba niandike ukurasa mmoja wenye heshima. Nilimwambia achague, ukurasa mmoja au heshima. Hakuchagua, kwa hivyo nimejitahidi mahali nilipoweza. Mimi nimekaa stoo miaka ishirini na tisa, mlango ukitazamana na mlango wa Muinde. Shule niliachia darasa la sita, lakini macho sikuachia huko.

Alianza kama msaidizi, akitengeneza madawati, madirisha na vitanda vya hosteli. Wewe uliyewahi kulala hosteli yetu na kitanda kisipige kelele, mshukuru yeye. Wale ambao vitanda vyao vilipiga kelele, hivyo vilinunuliwa nje, na Muinde alikuwa akivipita kama mtu anayepita nyumba ya mdeni wake.

Mwaka 2009 mwalimu mmoja wa umeme, mgeni kutoka ng'ambo, alimaliza mkataba akatuachia katoni. Ndani mlikuwa na vigari vinne vya mbio vyenye urefu wa kiganja. Watu wa useremala wakachonga barabara ya mbao yenye kona saba, ikajaza chumba kizima. Muinde alisema hivyo ni vitu vya watoto na yeye ana kazi. Wiki moja baadaye nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa mbao, jicho moja limefumbwa, akikitazama kigari kikija. Nilidhani ameanguka. Nilipomwita, alinijibu nisimzibie mwanga.

Kwa wageni wasiojua mchezo huu: kigari kina gamba la plastiki la kupendeza macho, na chini yake kuna chasisi, kibamba cha shaba ya manjano kinachobeba mota na magurudumu. Mbele kina ulimi unaoingia kwenye mfereji wa barabara, na kando ya mfereji zimelala tepe mbili za shaba zenye umeme. Wewe unasimama pembeni na kibonyezo mkononi. Usukani hakuna. Chasisi ikipinda unene wa unywele tu, gurudumu moja linaelea, na kigari kikifika konani kinaruka kama panzi mpaka chini ya kabati. Na chasisi lazima ipinde, kwa sababu ukiilehemu, moto unaivuta unavyotaka wenyewe.

Hapo ndipo Muinde alipopata dini ya pili. Kwanza tupa, kuondoa makali kwenye kingo. Kisha msasa, umelazwa juu ya kioo kinene alichookota duka moja la dawa lilipofungwa. Maji kidogo, mkono unazunguka namba nane, usikandamize, acha shaba ijisugue kwa uzito wake. Kisha msasa mwororo zaidi, na mwingine mwororo kuliko huo. Mwisho anaviringa kingo za chini zisije zikakwaruza zile tepe za umeme. Chasisi moja siku mbili. Mlango mzima wa geti alikuwa akimaliza siku moja.

Sasa tuzungumzie hilo neno. Katika nchi hii "sawa" limekuwa kama chumvi. Simu inaanza na sawa na kumalizika na sawa. Mtu akikanyagwa mguu anasema sawa. Fundi anaacha mlango umeinama kama mlevi, anapangusa mikono, anasema iko sawa. Muinde alikataa. Kwake sawa ni jambo moja tu. Upande wa chini wa kile kioo, penye pembe, amepaka duara jekundu. Unaweka chasisi juu ya duara, unainamisha sikio, unagonga kona zote nne kwa ukucha. Ikisema tiki, kuna kona inayoelea, bado. Kioo kikinyamaza mara nne, hapo ndipo sawa.

Wengi tulipotelea hapo. Mimi nilisugua ya kwangu kwa kitambaa na majivu siku mbili, ikang'aa mpaka nikaziona nyusi zangu. Niliipeleka nikiwa nimevaa shati la Jumapili. Tiki. Akanirudishia. "Hii ni laini, Titus. Laini si sawa. Hata nyoka ni laini."

Ukimuuliza mambo ya kawaida anakusumbua vilevile. Karani akimletea fomu ya likizo na kumuuliza, "Mzee, sawa?" yeye hujibu, "Sawa na nini?" Makarani watatu wamehama ofisi ile. Mkewe, Mama Abby, aliwahi kunieleza kwamba siku za kwanza za ndoa alimuuliza kama chapati ziko sawa, Muinde akailaza moja mezani akaanza kuigonga kingo. "Chapati si gari, Baba Abby!" Mama huyu leo apigiwe makofi kabla ya mumewe.

Kanisani pia hakutuacha tukapumzika. Benchi la kwaya lilikuwa likitikisika wakati wa mahubiri, tiki, tiki, na mchungaji alifikiri ni watu wanaohesabu dakika. Jumatatu Muinde akaja na msumeno. Akakata mguu mmoja kidogo, kisha wa pili ukawa mrefu, akaukata, kisha wa tatu. Jumapili iliyofuata benchi lilitulia kabisa, lakini wale wa sauti ya nne waliimba magoti yakigusa kidevu. Mchungaji alishukuru kwa maneno machache sana.

Mwaka 2019 ililetwa mashine ya kuweka kidole asubuhi. Sote tukaandikishwa. Muinde akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Akajaribu vyote kumi. Msasa ulikuwa umemfuta. Mashine ikasisitiza kwamba mtu huyo hayupo, na yeye amesimama pale mbele yake akiwa na miaka ishirini na minane kazini. Fundi wa mashine alipokuja, Muinde alimuuliza swali moja: "Hicho kioo chake kina uhakika?" Tangu siku hiyo husaini kitabu peke yake. Nawaomba mkumbuke habari ya vidole hivi, tutairudia.

Ushindi wake mkubwa ni ule wa Mombasa, mwaka 2017, tulipokwenda kushindana na watu waliokuwa na vigari vya dukani, vimefungwa kwenye masanduku yenye sponji. Vya kwetu vilisafiri ndani ya sufuria. Chasisi ya Muinde ilikuwa nyembamba na nyepesi kuliko zote ukumbini, kona zote saba iliziramba, tukarudi Voi na kikombe. Walipomuuliza siri, alisema, "Uvumilivu." Mimi niliendelea kula biriani yangu kimya.

Kimya changu kilikuwa na sababu, na leo naitoa. Chasisi ile ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Ila mimi, kwa kumtania, nilibandika kipande cha selotepu kwenye kioo, ndani ya lile duara jekundu, kidogo kama ukucha wa mtoto. Muinde akapima, tiki. Akasugua. Tiki. Akasugua siku nne! Alishuku shaba, akashuku msasa, akashuku mkono wake mwenyewe. Kioo hakukishuku. Alipapasa pale mara kadhaa kwa vidole vyake visivyo na alama, asisikie kitu. Siku ya nne chasisi ilikuwa imebaki kama karatasi, huruma ikanishika, nikabandua. Kioo kikanyamaza. Hivyo ndivyo tulivyoshinda Mombasa.

Sasa nije kwenye jambo lililotunyima usingizi mwaka huu. Januari, Mkuu wetu wa chuo, Bi. Priscilla, alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema wazi: "Mzee akitoka bila kuacha fundi wa kile kioo, chumba cha vigari nitakigeuza stoo ya magodoro." Hakusema kwa ubaya. Magodoro yapo mengi, na chumba bila fundi ni vumbi. Ila vijana kumi na sita huja pale kila Jumamosi kujifunza tupa na msasa, na barabara ile ina miaka kumi na sita ya Muinde ndani yake. Na fundi huyo awe nani? Sharti alilitia Muinde mwenyewe: awe mtu aliyeleta chasisi iliyo sawa. Na neno hilo, kama nilivyosema, halimtoki.

Alikuwapo mmoja tu wa kulitafuta, naye ni Koki, msaidizi wake kwa miaka sita, mama wa watoto wawili, mtu mwenye subira ya punda wa maji. Tangu Januari alileta chasisi kumi na tisa. Nilikuwa nawasikia kutoka stoo.

"Mzee, hii nayo?"

"Bado."

"Bado wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi, na wewe hata hujavaa miwani?"

"Sikio halivai miwani, Koki."

Ya ishirini ililetwa Jumatatu wiki jana, saa nne, wakati wa chai. Bi. Priscilla alikuja mwenyewe, maana siku zilikuwa zimekwisha. Na mimi, kabla hawajaingia, nilikuwa nimekwisha kupita pale na selotepu yangu.

Mnitukane baadaye. Watu wamesema nilitaka magodoro yaje kwenye himaya yangu. Sivyo. Nilijua Muinde hawezi kuondoka akiacha kazi nusu. Nikafikiri, akikosa mrithi, ataomba aongezewe mwaka mmoja, na mlango ule mkabala na wangu utaendelea kufunguliwa saa moja na robo kama kawaida. Hesabu za mtu wa darasa la sita.

Koki akaweka chasisi juu ya duara. Muinde akainama, akagonga. Kimya. Kimya. Kimya. Tiki.

Akanyanyuka polepole. "Bado," akasema, na nilimwona amelisema kwa uchungu. Bi. Priscilla aliutazama mlango kama mtu anayepima kama godoro litapita. Mimi nikaanza kuitazama kandambili yangu.

Koki hakushika msasa. Alisimama, akaigeuza ile chasisi, mbele ikaja nyuma, akaiweka tena palepale, akagonga. Tiki. Akageuza tena. Tiki.

"Mzee," akasema, "kona imebadilika, lakini mlio haujahama. Si chasisi. Ni kioo."

Kumwambia Muinde kioo chake kina kasoro ni kama kumwambia padri kwamba msalaba umepinda. Akapeleka kidole chake, akapapasa duara lote. "Hakuna kitu hapa."

"Kwa kidole chako hakuna," Koki akamjibu kwa adabu. Akapitisha cha kwake mara moja, akasimama, akaingiza ukucha, akainua ile selotepu juu kwenye mwanga wa dirisha.

Muinde aliitazama. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye kioo, akagonga kona zote nne, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Kimya mara nne. Akabaki ameinama pale kitambo, mpaka Bi. Priscilla akauliza kama mzee ni mzima.

"Sawa," Muinde akasema.

Koki alikaa chini kwenye ndoo. Ilikuwa na maji, lakini hakujali. Bi. Priscilla akasema basi, magodoro yatafutiwe kwingine. Ndipo Muinde akanigeukia mimi, na selotepu mkononi.

"Titus. Ile ya Mombasa."

Nikaangalia mabati.

"Siku nne, Titus."

"Si ulishinda?"

"Siku nne!" Akacheka mpaka ule waya anaofungia miwani ukakatika, na miwani ikaanguka kwenye maji ya msasa. Hakuniuliza kwa nini niliibandika tena mara hii. Aliniwekea mkono begani, ule wenye vidole laini, akauacha hapo mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo Ijumaa Koki anakabidhiwa kioo, droo ya tupa, na vijana kumi na sita. Muinde anakwenda Kasigau, ambako amenunua shamba chini ya mlima. Majirani wa huko nawaonya mapema: mkimkuta amelala kifudifudi kwenye tuta la mahindi, jicho moja limefumbwa, msiite daktari. Anapima.

Asante, Mzee Fanuel, kwa vitanda visivyopiga kelele, kwa kikombe, na kwa kutufundisha kwamba kung'aa si kunyooka. Mvua ikunyeshee kwa wakati, ndovu wapitie kwa jirani mwenye roho mbaya, na chapati za Mama Abby uzile bila kuzigonga. Uishi miaka mingi ya raha.

Na huko njiani watu wakikuuliza kama sisi huku tumebaki sawa, usiwadanganye kwa ajili yetu. Waambie bado. Waambie kuna kona moja, ile inayotazamana na stoo, ukiigonga inasema tiki.

Titus, wa stoo