Kilo za Mzee

Kwenye foleni ya kugonga muhuri mpakani Busia, mbele yangu, mama mmoja wa Dabani mwenye gunia la karanga alimuuliza msichana aliyekuwa mbele yake, "Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Nairobi, mama. Nimeajiriwa kurusha ndege ndogo za kukodi, lakini nilifeli mafunzo. Wameniita nijaribu tena, mara ya mwisho."

"Ulishindwa kurusha?"

"Kurusha najua. Nilishindwa kupima mzee mmoja. Ndege ile ni ndogo, lazima kila abiria apande mizani. Mzee akasema yeye ni kilo themanini. Nikaona haya, ni kama baba yangu, nikaandika themanini. Mwalimu akampima, akapata mia na kumi na nne."

Nyuma yao nilivuta tumbo ndani, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Sasa walitaka uaibishe mzee wa watu?"

"Walitaka afike salama, mama."

Mama akasema, "Haya. Mimi ni kilo sabini. Utaandika ngapi?"

Msichana aliinamisha macho, kama alivyolelewa. "Utapanda mizani, mama," akasema polepole, macho bado chini.

Karani akamwita msichana. Mama hakumuaga, alisukuma gunia lake mbele kwa mguu.