Sauti Iliyosimamisha Lori: Maisha ya Rahab Jeruto wa Redio ya Bonde

Marehemu dada yangu, Rahab Jeruto, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1941 katika shamba la mlowezi karibu na Solai, ambako baba yetu alikuwa akikama ng'ombe. Mama alisema aliongea kabla ya kutembea.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Hesabu zilimchosha, lakini alipoitwa kusoma kwa sauti, darasa zima lilitulia.

Mwaka wa 1964 aliomba kazi katika Redio ya Bonde, kituo kidogo juu ya duka la vitambaa la Mzee Ishwarlal, mjini Nakuru. Fundi wa mitambo, Mohanlal, alimpa gazeti asome. Alipomaliza, fundi alisema, "Dada, rudi kesho. Umesoma habari ya mvua mpaka nimesikia baridi."

Tangu hapo sauti yake ilitanda bondeni kama ukungu wa asubuhi. Watu walipalilia pareto na kuchemsha chai huku akitaja bei ya maziwa, harusi na waliofariki. Wengi hawakumjua kwa sura. Kila nyumba ilikuwa na Jeruto wake.

Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1971, kwaya ya Kabazi ilikuwa njiani kuja kuimba studioni. Simu ikalia: mto umebeba daraja. Jeruto alikatiza muziki.

"Ukiwa karibu na barabara ya Subukia, tafadhali toka nje. Kuna lori la kijani lenye waimbaji. Lisimamishe. Daraja halipo."

Alirudia maneno hayo bila kujua kama kuna anayesikia. Jepchumba, mama aliyekuwa akichuma pareto huku redio yake ikiimba kando ya shamba, alikimbia katikati ya barabara akipunga leso. Dereva alikanyaga breki.

"Mathe, unataka kufa?"

"Si mimi, ni nyinyi! Jeruto amesema daraja limeenda!"

Injini ilipozimwa, wote waliusikia mto ukinguruma nyuma ya kona.

Baadaye dereva huyo, Hiram Wanyoike, alipanda ngazi za studio na gunia la viazi begani. "Nimekuja kumwona aliyetuita," alisema. "Ni mimi," Jeruto akajibu. Hiram aliweka gunia chini. Alikaa tu mpaka kipindi kikaisha. Walifunga ndoa Kabazi tarehe 9 Desemba 1972.

Mwaka wa 1976 sauti yake ilianza kukwaruza, na madaktari wakaona uvimbe kooni. Aliacha kutangaza, mwaka uliofuata kituo nacho kikafungwa. Nyumbani alinong'ona tu. Wasikilizaji wake wakaanza kuja, wakikaa kando ya kitanda kumsimulia wao habari za bonde: nani amevuna, nani amejifungua. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akitabasamu.

Alituaga Jumanne asubuhi, tarehe 14 Machi 1978, mvua ya kwanza ikigonga mabati. Hiram alimwuliza, "Nifunge dirisha?" Akatikisa kichwa, alitaka liachwe wazi.

Ameacha mume wake Hiram, watoto wao Cheptanui na Zeddy, mama yetu, mimi Peterson ndugu yake, na ninyi nyote mliofika leo bila kuwahi kumwona. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.