Umechoka Mwili au Umechoka Watu? Wasifu wa Mzee Chupa Mbili

Nani kati yenu anajua kilichokuwemo kwenye kikombe alichopewa pale mlangoni dakika kumi zilizopita?

Hakuna. Mmepokea, mmepuliza, mmekunywa, mmesema ahsante. Msishtuke, ni chai. Lakini tumeanza na swali hilo kwa sababu mzee tunayemsindikiza leo aliaminiwa hivyo hivyo kwa miaka thelathini na sita. Aliwapa watu vikombe, na watu hawakuuliza. Kuna mmoja aliyepaswa kuambiwa. Marehemu aliagiza aambiwe hapa, mbele ya jeneza lake na mbele yenu, na mjukuu aliyeandika wasifu huu alikataa kuruka hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alitengeneza breki za mabehewa. Mama yake aliuza majani mlangoni mwa soko, amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, mafungu yake ameyafunga kwa uzi wa kushonea. Mama huyo hakuwa na maneno mengi. Mteja akija uso umemkunjamana, alimwuliza jambo moja tu: "Umechoka mwili au umechoka watu?" Aliyechoka mwili alifungiwa mlonge, tangawizi na mdalasini. Aliyechoka watu alifungiwa mchaichai, mrehani na majani ya mpasheni. Aliyejibu kwamba amechoka vyote viwili aliambiwa akalale kwanza, kisha arudi.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Hapo ndipo alipofanya jaribio lake la kwanza. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa na tabia ya kusinzia baada ya chakula cha mchana. Marehemu, kwa huruma, akampelekea kichupa cha tangawizi na mlonge kutoka kwa mama yake. Mwalimu alifundisha desimali mpaka saa kumi na mbili jioni, bila kukaa. Wenzake walimsubiri marehemu njiani, na kovu alilokuwa nalo juu ya nyusi ya kushoto lilitokana na desimali hizo. Nafasi ya sekondari katika nyumba ile ilikuwa moja, ikaenda kwa kaka yake. Kaka huyo yupo nasi, na mpaka juzi alikuwa akimwambia, "Mimi nilisoma, wewe ukaelimika."

Tarehe 2 Septemba 1968 aliajiriwa kama mhudumu katika ofisi ya upimaji wa ardhi, jengo la ghorofa mbili lenye ngazi za mbao. Chumba cha chai kilikuwa chini ya ngazi hizo. Hakikuwa na dirisha, na mtu akisimama wima alijigonga kichwa. Humo ndani marehemu alikuwa na jiko, sufuria, makopo matupu ya wino aliyopandia mrehani na kuyatoa nje kila asubuhi yaote jua, na chupa mbili za chai zinazofanana kama mapacha, moja ina kifuniko chekundu, nyingine cha buluu. Nyekundu ilikuwa ya waliochoka mwili, buluu ya waliochoka watu. Wapimaji waliorudi kutoka porini, wachoraji wa ramani waliokodoa macho tangu asubuhi, mpiga taipu, mlinzi, wote waliulizwa swali la mama yake kabla ya kumiminiwa. Ndiyo maana akaitwa Chupa Mbili.

Ofisi hiyo ilipiga picha ya wafanyakazi wote mwaka 1990. Ipo ukurasa wa tatu wa programu yenu. Itazameni vizuri. Marehemu hayumo. Upande wa kulia kabisa unaonekana mkono umeshika sinia. Mkono huo ndio yeye. Tuseme wazi: nchi zetu zimejaa picha za namna hiyo, na ni aibu.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Ndoa ilikaribia kuvunjika kabla haijafungwa, kwa sababu baba mkwe alisikia jina la utani kabla ya kumwona mwenye jina. "Binti yangu," alisema, "hataolewa na mwanamume ambaye chupa moja haimtoshi." Ilibidi marehemu apeleke ukweni chupa zote mbili, azifungue, na kila mzee anuse. Bibi mwenyewe hakuwahi kuonja hata tone. Kwa miaka hamsini alikunywa chai ya kawaida yenye sukari, na kila alipokaribishwa majani alijibu, "Mimi si mbuzi."

Sasa tufike panapouma. Tarehe 3 Juni 1985 ofisi ilipata Mpima Mkuu mpya. Mzee huyo yupo hapa, safu ya pili, mwenye kofia ya kahawia, na atuwie radhi. Ofisini walimwita Radi. Alikuwa akipiga meza kwa rula ya chuma, na wiki ya tatu aliigonga chupa ya wino ikamwagikia ramani iliyochorwa kwa siku ishirini. Siku hiyo mpiga taipu aliteremka kwenye chumba cha chai, kamasi na machozi vimechanganyika.

"Dada, umechoka mwili au umechoka watu?" marehemu akamwuliza.

"Nimechoka mtu," akasema. "Mmoja."

Marehemu alikaa na jibu hilo siku nzima. Yeye alikuwa akiwanywesha buluu watu kumi na wanne, na anayewachosha ni mmoja! Kesho yake saa nne asubuhi alipanda ngazi na sinia, akabisha hodi, na bila kuuliza swali lolote, maana nani angethubutu, akamimina kikombe kutoka chupa ya buluu. Akamwambia ni chai ya ofisi. Akafanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja.

Rula ilianza kupungua. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa inatumika kupimia. Hatusemi ni majani. Mjukuu amesoma kemia chuoni miaka mitatu na hana ushahidi wowote. Tunasema tu kwamba kikombe kilipanda na kelele zikashuka.

Mara moja tu mambo yalikwenda kombo. Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1991 marehemu aliosha chupa zote mbili kwa pamoja, akazijaza, akazifunga huku akizungumza na mlinzi, na vifuniko vikabadilishana. Kufikia saa tano wachoraji wa ramani walikuwa wamelaza mashavu juu ya meza, mmoja akiwa na kalamu bado mkononi. Mpima Mkuu, kwa upande wake, alikuwa ameshuka uani, amevua koti, anaupima uwanja wa ofisi yake mwenyewe. Aliupima mara tatu. Mara ya tatu aliita watu washuhudie: ukuta wa ofisi ya upimaji wa ardhi ulikuwa umeingia futi mbili ndani ya kiwanja cha jirani, tangu ulipojengwa. Ulibomolewa mwezi uliofuata. Jirani alimshukuru Mungu. Marehemu alijificha chini ya ngazi mpaka saa ya kufunga.

Mpima Mkuu alistaafu mwaka 1996, marehemu mwaka 2004. Waliendelea kutembeleana na kucheza bao, na siri ikaendelea kukaa baina yao kama mgeni asiyeaga.

Marehemu alianza kuugua figo Aprili mwaka jana. Wodini alimwuliza muuguzi wa zamu swali lake, na muuguzi akacheka mpaka akakaa. Daktari alipomkataza majani yote kwa sababu ya dawa alizopewa, alitii kama mtoto. "Daktari," alisema, "mimi ni mpishi tu. Sikuwahi kusema ni mimi ninayeponya."

Mwezi uliopita alimwita mjukuu wake kitandani akamsimulia habari ya kikombe cha buluu. Mjukuu huyo, ambaye alitoka chuo amekasirikia dunia nzima, hakumwonea huruma.

"Babu, umemnywesha mtu kitu asichokijua miaka kumi na moja! Mtu ana haki ya kujua anachokunywa!"

"Na haki ya mpiga taipu?"

"Ungemwambia bosi wako ukweli."

"Angenirushia rula."

"Basi ungerushiwa!"

Marehemu alijivuta juu ya mto. Kisha akasema, "Ni kweli. Ningerushiwa. Nilimpenda yule mtu, na nilimwogopa, na nikachagua njia ya jikoni. Sasa wewe usiyeogopa, utasoma wasifu wangu. Mwambie. Sitaki kuzikwa na kikombe cha mtu."

Bibi alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Ukisoma hayo mbele ya watu," akamwambia mjukuu, "uchimbe makaburi mawili. Yule ni mzee wa watu, ana miaka themanini na nne. Aje kuzika rafiki, aambiwe alikuwa akipewa majani ya mbuzi?"

"Bibi, babu ameagiza."

"Babu yako anaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki kuonana naye!"

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, saa ile ile ya kupanda ngazi na sinia. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kaka aliyesoma, makopo tisa ya mrehani na chupa mbili za chai. Mchana huo nyumba ilijaa. Mashangazi walipanga upya vyombo vya bibi bila kumwuliza, majirani walimshauri alie na wengine walimshauri asilie. Mjukuu na bibi hawakuzungumza. Karatasi ya wasifu, ambayo bado haikuwa na haya yanayofuata, ilikuwa mfukoni mwa mjukuu, na bibi alijua iko mfuko gani.

Asubuhi iliyofuata, saa moja, mjukuu aliingia jikoni na kumkuta Mpima Mkuu amesimama mbele ya jiko, koti amelivua. Hakuwa ameomba chochote kwa mtu. Maji yalikuwa yanachemka. Alitia mchaichai kwanza, akahesabu kwa vidole. Akatia majani ya mpasheni. Akaepua sufuria, ndipo akatia mrehani na kufunika, kama alivyofanya marehemu, maana mrehani hautaki moto. Akachukua chupa ya kifuniko cha buluu juu ya rafu, bila kuuliza ni ipi.

Bibi aliingia nyuma ya mjukuu. Akaona. Akashika fremu ya mlango.

"Bwana Mpima," akasema kwa sauti ndogo, "ulijua?"

"Shemeji, mimi ni mpimaji. Kazi yangu ni kujua kitu kikisogea." Alikuwa anamimina, hakugeuka. "Mumeo alimwuliza kila mtu ofisini swali lake, hata waliokuja kuleta barua. Mimi hakuniuliza hata siku moja. Nikajua nimekwisha pangiwa. Siku ile ya ukuta nilishuka chini ya ngazi alipokwenda zake, nikafungua chupa zote mbili, nikanusa. Kupika nilijifunza baadaye, kwa kumtazama tukicheza bao."

"Na hukusema?" Huyo alikuwa mjukuu, na sauti yake ilipanda kidogo. "Ulikuwa na haki ya kukasirika!"

"Nilikuwa nimekwisha kunywa, kijana. Ningekasirikaje?" Akafunga kifuniko cha buluu. "Halafu katika jengo zima ni yeye peke yake aliyegundua kuwa mimi pia nimechoka. Ningemwambia, angeacha. Hiyo karatasi ya wasifu inayochungulia mfukoni mwako isome. Yote. Na la Radi ulitaje, hilo nalo nililijua."

Kisha akamgeukia bibi, akashika kikombe kwa mikono miwili, akauliza kama anayesoma mpaka wa kiwanja:

"Shemeji, umechoka mwili au umechoka watu?"

Bibi alitazama sebuleni, ambako mashangazi walikuwa wameanza kubishana juu ya viti. Alitazama chumbani, kitanda cha marehemu kilichotandikwa.

"Watu," akasema. "Wote. Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyeondoka."

Akapokea kikombe. Kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini akanywa, akakunja uso, akameza.

"Hiki ndicho alichokuwa akikupa miaka kumi na moja?"

"Hiki hiki."

"Basi alikuonea," akasema bibi, akamaliza, akanyoosha kikombe aongezewe.

Pumzika, babu. Kikombe kimefika kwa mwenyewe.