Bi Waya Aziaga Swichi Zake Thelathini na Nne

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Waya anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Anaacha swichi za mtandao thelathini na nne, kebo zisizo na idadi, na wafanyakazi wengi ambao mpaka leo hawathubutu kuchomeka birika la chai kwenye soketi ya kabati la mtandao.

Aliajiriwa kama mpokeaji simu. Enzi hizo simu zote za hospitali zilipitia kwenye meza moja yenye matundu na nyaya, katika chumba kidogo kando ya lango kuu, na yeye ndiye aliyekuwa akizichomeka na kuzichomoa kutwa nzima. Madereva wa ambulensi wakambandika jina la Bi Waya, likamganda kiasi kwamba hata mumewe, fundi cherehani, hulitumia akimpigia kazini. Meza ile ilipong'olewa na mitambo mipya kuletwa, wenzake wawili waliomba wahamishiwe masjala. Yeye aliomba kitabu cha maelekezo. Alikisoma akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, akaenda kozi, akarudi fundi wa mtandao.

Ukimpigia kulalamika kwamba mtandao umekatika, yeye hukutambua kwa sauti kabla hujajitaja, kisha hukutuma uchungulie chini ya meza. Mara saba kati ya kumi, waya umekanyagwa na mguu wa kiti.

Lakini wasifu wake usiotaja ile Alhamisi ya miaka minane iliyopita ni mchuzi usio na chumvi. Nilikuwepo, nikiwa fundi msaidizi wake, na nitaisimulia ilivyokuwa.

Mwaka ule mkaguzi wa mitambo aligundua kwamba kompyuta yoyote, hata ya mgeni aliyekaa mapokezi, ingeweza kuzifikia swichi zetu na kujaribu nenosiri. Swichi ndiyo inayounganisha kompyuta na simu za jengo. Anayeingia humo anaweza kulizima jengo zima. Dawa yake ni kuigawa kwa ndani katika mitandao inayojitegemea, iitwayo VLAN, kila mmoja na namba yake, mfano wa nyumba yenye vyumba visivyo na mlango baina yao. Wageni wakapewa chumba chao, simu chumba chao, na chumba namba 99 kikawa cha mafundi peke yao. Swichi ingemsikiliza fundi aliyetokea humo tu. Wengine wangebisha hodi mpaka wachoke.

Bi Waya alikuwa ameshahamisha swichi kumi na moja bila tatizo. Ya kumi na mbili ilikuwa ya jengo la upasuaji. Aliomba nafasi, akapewa saa nne hadi saa tano asubuhi, muda ambao hakukuwa na mgonjwa mezani. Saa nne na dakika mbili, kabla ya kugusa kingine chochote, aliiamuru swichi ijizime na kuwaka upya baada ya nusu saa, isipokuwa kama yeye mwenyewe angeifuta amri hiyo. Ni kinga ya kawaida ya mafundi: ukikosea ukajifungia nje, swichi ikiwaka upya hurudi kwenye mpangilio wa zamani, nawe unaingia tena.

Saa nne na dakika nane aliandika mstari wa mwisho, na skrini ikanyamaza. Simu na kompyuta za jengo lile ziliendelea kama kawaida. Waliofungiwa nje tulikuwa sisi tu.

"Haidhuru," alisema. "Tusubiri iwake."

Hajamaliza kusema, simu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji.

"Bi Waya, usiguse kitu! Tumeingiza mama aliyejifungua sasa hivi, damu haikatiki."

Simu za jengo lile hupata umeme kutoka kwenye swichi. Ikizima, nazo zinakufa kwa dakika sita au saba. Chumba cha upasuaji kiko chini ya ardhi, simu za mkononi hazishiki, na benki ya damu iko ng'ambo ya uwanja, jengo la mwisho kabisa. Wengi wetu tungejikohoza kwanza, tutafute maneno. Bi Waya hakujikohoza.

"Dada, nimeshagusa. Saa nne na dakika thelathini na mbili simu zenu zitazima, na siwezi kuzuia kutoka hapa. Weka mtu mlangoni wa kukimbilia damu. Mimi nakuja."

"Njoo mbio," muuguzi akasema.

Njia ilibaki moja: kuchomeka kebo kwenye tundu la swichi yenyewe, ambako haikuulizi umetokea chumba gani. Bi Waya, wakati huo ana miaka hamsini na miwili, alivua viatu akakimbia navyo mkononi. Mimi nilimfuata na kompyuta. Mlangoni tulivishwa kofia na mavazi ya upasuaji, yangu nikayavaa nyuma mbele. Tulipofika kwenye kabati, tulikuta kufuli mpya.

Msimamizi wa majengo, aliyeitwa aje kutufungulia, alitokea saa nne na dakika ishirini na moja, anahema, na shada la funguo kama arobaini zisizo na alama. Alijaribu wa kwanza, wa pili, wa tano. Nyuma ya ukuta tulimsikia daktari: "Chupa mbili zaidi. Wapigieni tena!"

"Kufuli ni mpya, kaka," Bi Waya alisema, akilichukua lile shada polepole. "Tutafute ufunguo usio na kutu."

Zilizong'aa zilikuwa tatu. Wa pili ukafungua.

Nilichomeka kebo. Skrini ikajaa herufi za ajabu, kama kuku wamepita na miguu ya wino. Nikasema swichi imeharibika.

"Haijaharibika. Umeiacha kompyuta kwenye kasi ya kusomea mashine ya aina nyingine. Sogea."

Akabadilisha kasi, akaandika nenosiri. Likakataliwa. Saa nne na nusu. Akafuta jasho la vidole kwenye vazi la upasuaji, akaandika tena herufi moja moja, likakubaliwa. Aliandika amri ya kufuta, akaisoma mara mbili kwa kunong'ona, akabonyeza. Swichi ikajibu kwamba kuzima kumefutwa. Saa ya ukutani ilionyesha dakika thelathini na moja.

Tulikodolea macho zile taa ndogo za kijani mpaka dakika ya thelathini na mbili ikapita. Ndipo ndani simu ikalia: benki ya damu, wakisema chupa ziko njiani. Bi Waya alikaa sakafuni palepale, viatu vyake mapajani.

Hakuigusa swichi tena mpaka upasuaji ulipokwisha. Kisha akatafuta kosa, akaliona. Kwenye njia iendayo ofisini kwetu alipaswa kuruhusu namba 99. Alikuwa ameandika 89.

Yule mama alirudi nyumbani na binti yake siku ya tisa.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha uongozi, taarifa ilikuwa imeshaandikwa: hitilafu ya mtambo. Bi Waya akasimama.

"Mtambo haukukosea. Niliuambia ufungue themanini na tisa, ukafungua themanini na tisa. Aliyekosea ni mimi."

Mkurugenzi akamuuliza kama anafahamu kwamba maneno hayo yataingia kwenye faili lake.

"Ndiyo maana nayasema taratibu, karani asije akakosea kama mimi."

Alipewa onyo la maandishi. Limo kwenye faili hadi leo, limebanwa pamoja na cheti cha mfanyakazi bora wa mwaka uliofuata. Yeye ndiye aliyedai kanuni tunayoifuata sasa: hakuna fundi anayegusa swichi ya upasuaji bila mwenzake kumsomea kila namba kwa sauti, na muuguzi wa zamu akiwa kwenye laini. Kanuni hiyo imetuokoa mara tatu tunazozijua. Mbili kati ya hizo, mkoseaji nilikuwa mimi.

Jumanne alikabidhi ofisi. Alivuta kiti karibu na changu, akaniamuru nilifute jina lake kwenye swichi zote, moja baada ya nyingine. Nilikwenda mwendo wa kinyonga. Nilitamani nijifanye nimesahau moja. Nilipomaliza, alijaribu kuingia kwa nenosiri lake. Akakataliwa. Akajaribu swichi nyingine, akakataliwa. Akajaribu ya jengo la upasuaji, akaitazama skrini kitambo.

"Safi," akasema. "Imemjua mgeni."

Bi Waya, asante kwa kila simu uliyoipokea, na kwa ukweli ulioutamka siku ambayo uongo ulikuwa umeshapigwa chapa. Mfikishie shukrani zetu shemeji yetu fundi cherehani, aliyetuazima mke wake miaka yote hii. Mungu akupe afya na siku nyingi za utulivu. Na simu ikilia nyumbani, anayepiga awe ni mjukuu tu, anayetaka kujua bibi yuko wapi.